Mkono wa Lonnie Purdom

Kwa miaka kumi na tisa Renata Dvorchak alipata riziki kwa macho yake. Watu kutoka kila pembe ya Marekani walituma kadi za wachezaji wa besiboli kwenye ofisi moja huko Parma, Ohio, na yeye ndiye aliyeamua kama saini iliyo juu ya kadi ni ya mchezaji mwenyewe au ya tapeli. Akiikubali, kadi ilifungwa kwenye kasha la plastiki lenye muhuri. Akiikataa, ilirudi kwa mwenyewe na karatasi yenye maneno mawili: si halisi. Hakuwahi kumwona mtu aliyepokea karatasi hiyo, mpaka Jumamosi moja ya Machi, kwenye maonyesho ya kadi katika ukumbi wa hoteli.

Mzee mmoja mrefu alisimama mbele ya meza yake, akaweka kadi na karatasi kando kwa kando.

"Ni wewe uliyeandika hii?"

"Saini ya hapo chini ni yangu, ndiyo."

"Haya. Hiyo yako mimi naiamini. Na wewe iamini hii."

Jina lake Harlan Beasley. Kadi ilikuwa ya Lonnie Purdom, mrushaji mpira aliyetamba miaka ya sabini, aliyefariki miaka sita iliyopita. Renata aliinyanyua, akaitazama kwa lenzi, ingawa aliikumbuka vizuri.

"Bwana Beasley, nimepitisha saini za Purdom zaidi ya elfu moja. Mkono wake ulikuwa unateleza. Huu unakwamakwama. Tazama, kalamu imeinuliwa hapa, na hapa, na hapa tena. Hivyo ndivyo anavyoandika mtu anayeiga."

"Au mtu anayechora," mzee akasema. "Niliendesha basi la timu misimu minane, mama. Hiyo aliiandika juu ya usukani wangu, tumesimama kujaza mafuta nje ya Toledo. Ilimchukua muda mpaka wenzake wakamaliza soseji zao. Lonnie hakujua kuandika. Jina lake alilichora, kama mtoto anavyochora nyumba."

"Kila anayekuja hapa ana hadithi yake."

"Wanaokuja hapa wanauza. Mimi siuzi. Nataka kumwachia binti wa dada yangu, na sitaki nikishazikwa aambiwe mjomba wake alikuwa mwongo." Akaisukuma kadi kuelekea kwake. "Kaa nayo. Itazame mpaka ikuchoshe."

Akaondoka bila kungoja jibu.

Tangu saa hiyo Renata hakutulia. Jumapili aliunguza vitunguu vya pierogi, zile sambusa za kuchemshwa, mara mbili. Alikaa, akainuka, akafungua dirisha, akalifunga. Jumatatu alifika ofisini kabla ya wote, akatoa droo yenye saini za Purdom alizozitumia kulinganishia, na kwa mara ya kwanza akajiuliza zilitoka wapi. Zote zilikuja kwa posta. Mashabiki walimtumia Purdom kadi nyumbani, na kadi zikarudi zimesainiwa. Hakukuwa na hata mtu mmoja aliyesema alimwona akiandika.

Kesho yake aliomba ruhusa, akaendesha gari kwa saa tatu kwenda mahakama ya kaunti ya kusini ambako Purdom alifungia ndoa mwaka 1968. Karani alimletea daftari la ndoa huku akitafuna. Saini ya bwana harusi ilikwamakwama, kalamu ikiinuliwa kila herufi. Saini ya bibi harusi iliteleza chini yake: Opal Pruitt. Ile P kubwa, na mkia wake uliojikunja, Renata aliijua kuliko alivyoijua ya mama yake mzazi. Alikuwa ameipigia muhuri kwa miaka kumi na tisa.

"Vipi, dada, umepata ulichokuwa unatafuta?" karani akauliza.

"Nimepata zaidi," Renata akajibu.

Opal Purdom aliishi mwendo wa dakika ishirini kutoka hapo. Alikuwa bibi wa miaka themanini, mwembamba, mwenye macho makali. Alimkaribisha mgeni jikoni, akamkatia mkate wa mahindi, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Umechelewa," akasema. "Nimekungoja tangu mwaka sabini na nne."

"Zote ni zako?"

"Za posta zote. Barua zilikuja magunia kwa magunia. Lonnie anazitazama kama mtu aliyeona mto umefurika. Nikamwambia, lete huku. Nilikuwa naandika maharage yakichemka. Na sikuuza hata moja. Hilo uliandike."

"Watu wameuziana, bibi."

"Kwa muhuri wa nani? Mimi nilikuwa najibu barua tu."

Renata alimega mkate, akausahau mkononi. "Nikitangaza, watauliza kwa nini mke ndiye aliyekuwa akisaini."

"Mume wangu alikufa na miaka sabini na mbili na wajukuu zake hawakujua. Kila asubuhi alishika gazeti akageuza ukurasa mmoja mmoja, mpaka wa mwisho." Akafuta makombo mezani. "Sema mkono ni wangu. Kwa nini, hiyo si kazi yako."

Bosi wake, Curtis Haverkamp, alipoelezwa alivua miwani. "Zaidi ya elfu moja, Renata. Sasa unataka tuwaambie watu wote hao? Kwa kadi ya dereva wa basi?"

"Kwa daftari la ndoa."

"Tusipokee nyingine za Purdom, basi. Kimya kimya. Itapita."

Alijaribu kukubali. Kwa wiki nzima alikaa mezani, lakini kila saini aliyoishika alimwona mke nyuma yake, au dada, au karani wa timu, na mkono wake ukashindwa kushuka na muhuri. Siku ya nane alipeleka tangazo kwenye jarida la wakusanyaji, kwa jina lake: saini zote za Purdom alizozipitisha ni za mkono wa mkewe, na kosa ni lake yeye. Sababu hakuiandika. Jarida lilipotoka, Curtis alimtaka arudishe funguo za ofisi.

Simu zikafuata. Mmoja alimwita mwizi. Mwingine alisema atabaki na kadi yake, maana mama wa nyumbani aliyehangaika kumjibu mtoto asiyemjua anamtosha. Walipouliza kwa nini, Renata aliwajibu wote sawasawa: barua zilikuwa nyingi.

Kadi ya Harlan aliipeleka mwenyewe, na barua aliyoiandika kwa mkono kuthibitisha kuwa ni halisi, kwa kuwa muhuri hakuwa nao tena. Mzee aliisoma barua polepole, akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

"Wamekufukuza kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yangu."

"Kaa basi, unywe kahawa. Unanitia kizunguzungu unavyozunguka hivyo."

Alikaa. Alikunywa nusu kikombe, akainuka tena na kushika funguo za gari. Kulikuwa na wachezaji wengine watatu, alisema, ambao mifano yote ya saini zao ilikuja kwa posta, na mahakama ya kaunti ya karibu hufungwa saa kumi.