Nani Yuko na Kibao?

Kiwandani kwetu huendi chooni bila kibao. Laini nzima ya cherehani tuna kibao kimoja tu cha mbao, kimetobolewa tundu na kutiwa kamba. Ukikikuta msumarini, unakichukua unakwenda. Usipokikuta, unabana. Mimi na mimba yangu iliyokalia kibofu nilikichukia kibao kile kuliko mama mkwe wangu, na mama mkwe wangu si mtu wa mchezo.

Wifi yangu ndiye aliyeniingiza kazini. Mashine zetu zimepakana, yeye anashona kola, mimi mikono ya mashati, na nyumba nzima inakula kwa mishahara yetu miwili. Kwa hiyo msimamizi, tuliyembandika jina la Kengele kwa makelele yake, alipotangaza kwamba mkaguzi wa wanunuzi wa ng'ambo anakuja, tulikuwa roho juu.

"Mashati yetu yanaingia kwao bila ushuru," alisema. "Ya nchi jirani nayo vilevile. Mkaguzi akisikia asichokipenda, oda inahamia huko, na nyinyi mnarudi kukaa nyumbani. Akiuliza, kila kitu kizuri. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Wifi akaninong'oneza, "Wewe hasa. Chunga mdomo."

Nikauchunga. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya kamba. Alipita akiuliza hili na lile, nami nikasifia kila kitu mpaka mashavu yakaniuma. Kisha mtoto akanikanyaga kibofu. Nikainuka, nikaenda moja kwa moja msumarini kama siku zote. Msumari mtupu. Kengele alikuwa amekificha kibao ili mgeni asikione.

Mwenye akili zake angepitiliza chooni. Mimi niligeuka, nikauliza laini nzima kwa sauti, "Nani yuko na kibao?"

Cherehani zikanyamaza. Wifi akafumba macho.

"Kibao gani?" akauliza mkaguzi.

Uongo haunogi ukiwa umebana miguu. "Cha chooni, mama. Bila hicho hatuendi."

"Nenda," alisema. "Ukirudi utanieleza."

Nilimweleza. Tangu hapo Wifi hakunisemesha, si kazini wala nyumbani, na kwa mara ya kwanza niliona ana haki. Nilikuwa nimewapokonya watu wangu tonge mdomoni kwa ajili ya mkojo.

Wiki iliyofuata Kengele alituita, amenywea, kibao mkononi. Oda inabaki. Mkaguzi amesema akiihamisha atakuta kibao kingine huko iendako, afadhali hiki kiondoke. Kuanzia leo anayebanwa aende, na mkaguzi mwenyewe atarudi kuhakikisha.

Nililia, sioni haya kusema. Mwili wote ulilegea kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Wifi akanikumbatia, tumbo na vyote.

"Una bahati, mjinga wewe," akasema. Kisha akakichukua kibao, akakisokomeza chini ya mguu wa mashine yake uliokuwa ukiyumba.

Mchana ule niliinuka bila haja yoyote. Nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikakaa nikisikiliza cherehani kwa mbali mpaka nikachoka mwenyewe. Nilipotoka nikamkuta Wifi mlangoni.

"Umebanwa?" nikamuuliza.

"Hata kidogo," akasema, akaingia.