Kitanda Chenye Alama za Meno

Hoteli ile Leontina aliichagua mwenyewe, kwa hiyo hapo hakuna wa kumlaumu. Alikuwa amechoshwa na zile za karibu na uwanja wa ndege, vyumba vyeupe kama ndani ya friji, na safari hii, akirudi Italia kwenye kazi yake ya kumtunza kikongwe, alitaka Bukarest imlaze mahali penye sura. Picha za Hoteli Samaki wa Kioo zilimchekesha hadi machozi: televisheni yenye tumbo, juu yake kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa samaki wa kioo kaachama mdomo kama anayedai chenji. Bei nayo ilikuwa nafuu, ya kulipwa hata na maskini bila kubishana. Vitu ambavyo Waromania walivitupa jalalani kwa nderemo siku serikali ya kikomunisti ilipoanguka, sasa walikuwa wanalipia kuvilalia.

Marcela, mdogo wake, alimsindikiza kutoka Braila, mji wao, kama kawaida, na kama kawaida alibeba kuku wa kukaanga wa kulisha behewa zima.

"Karibuni, mama zangu," alisema Ilinca, binti wa mapokezi, aliyevaa koti la bluu la wauza duka wa enzi zile. Aliwapa ufunguo uliofungwa kibao kikubwa kama tunda la pea. "Redio inakoroma, simu ya kuzungusha haipigi popote, lakini maji ya moto yapo saa zote. Hapo tu ndipo tuliposhindwa kufuata historia."

Walipanda ngazi wakicheka. Leontina akafungua mlango. Zulia lenye picha ya paa wawili ukutani, sawa. Chupa ya maji ya gesi, sawa. Akakitazama kitanda, akaacha kucheka.

Kilikuwa kitanda cha mbao ya rangi ya kahawia, kichwani kimepindwa kama upinde, kinang'aa kwa vanishi mpya.

Kwao, mtu akifa, vitu vyake hutolewa sadaka kabla ya arobaini, na kinachotolewa ndicho atakachokuwa nacho huko aendako. Ukitoa sahani, atakula. Ukitoa viatu, atatembea. Ukitoa kitanda, na mto wake, na shuka zake, atalala. Anayepokea huwashiwa mshumaa, naye hujibu neno moja tu, bogdaproste, na neno hilo ndilo risiti. Bila neno hilo marehemu hakupata kitu.

Mama yao, Ecaterina, alimalizia miaka yake kitandani kwa ugonjwa wa mgongo. Alipofariki, Leontina aliwahi mazishi kwa taabu, akarudi Italia machozi hayajakauka, maana kikongwe wake alikuwa kalazwa hospitali na familia yake haijui hata kuchemsha yai. Mambo ya kitanda akamwachia Marcela. Marcela akapiga simu kabla arobaini haijatimia. Kitanda, alisema, kimekwenda kwa Zamfira, yule mjane wa karibu na reli, na Zamfira kalia, kakibusu kichwani, kasema bogdaproste mara mbili. Na haikupita wiki akapiga tena: mama kamjia ndotoni, kalala chali na mto wake, anatabasamu, anasema, "Mwambieni Leontina mgongo hauniumi tena."

Kwa ndoto ile Leontina aliishi. Aliwasimulia wanawake wote wa Kiromania wanaokutana Jumapili kwenye bustani ya mji ule wa Italia, wakalia wote. Jambo moja tu hakumsimulia mtu. Yeye mwenyewe mama alimjia mara nyingi, na kila mara alikuwa amesimama. Pembeni ya jiko, na gauni la kuzikiwa, anahamisha uzito mguu huu, mguu ule, kama mtu kwenye foleni ya mkate. Leontina aliamini mama anamjia amesimama kwa kosa lake yeye la kutokuwepo.

"Dada, mbona umeganda? Weka begi basi," alisema Marcela nyuma yake. Halafu naye akaona. Leontina alimsikia akivuta pumzi.

"Kitanda cha mama," alisema Leontina.

"Usianze, dada. Hivi vilikuwa kila nyumba. Kiwanda kimoja kililaza nchi nzima."

"Kweli." Leontina alipiga goti, akapitisha kidole ukingoni mwa ubao wa kichwani, upande wa ukutani, mahali fundi wa vanishi hakujisumbua. Kidole kikasimama. "Na meno nayo yalitoka kiwandani?"

Zamani Marcela, akiwa mtoto, aliugua nyumonia, na nesi akaja nyumbani na sindano ya penisilini. Mama alimlaza kitandani kwake, wakamshika watu watatu, naye akauma alichokipata. Alama zilibaki, vijishimo vidogo vimejipanga nusu duara, na mama alizoea kuwaonyesha wageni kama wengine wanavyoonyesha vyeti vya watoto.

"Njoo upime, mdogo wangu. Labda yatakuwa madogo siku hizi, lakini mwenyewe utayajua."

Marcela aliketi kwenye kiti, na kuku wake mapajani.

"Dalali alipita na gari," alisema. "Anatafuta vya zamani. Nilikuwa peke yangu, ghorofa ya nne, lifti mbovu. Zamfira ningempelekea vipi, mgongoni? Na kulikuwa na baridi, dada, na bili ya joto la nyumba. Nikamwambia chukua."

"Kwa hiyo Zamfira hakulia."

"Hapana."

"Wala hakubusu mbao."

"Dada..."

"Ungeniambia umeuza, ningekutukana jioni moja na asubuhi tungekunywa kahawa. Wewe unanijua. Mimi nimeibiwa na mawakala, nimepangishwa kitanda na mwanamke mwenzangu kwa zamu, nimecheka. Lakini ndoto, Marcela! Umekaa ukafikiria mama aseme nini. Ukachagua na mto."

"Ulikuwa unalia kila ukipiga simu. Nilitaka upate usingizi."

"Mimi nipate, yeye akose?"

Hapo Marcela aliwaka. "Na wewe ulikuwa wapi? Eh? Ulikuwa unamgeuza bibi wa Kiitalia kwa mshahara, mimi namgeuza mama bure! Nani alimbadilisha shuka? Nani alimlisha? Umekuja na koti zuri, umelia siku tatu, umeondoka!"

Kauli hiyo ilimpata Leontina mahali pake, maana ilikuwa kweli. Alimwangalia samaki wa kioo, samaki akamwangalia yeye.

"Hilo nalipokea," alisema mwishowe. "Hiyo ni kesi yangu na yako, na nina makosa. Mama hakuwamo. Yeye umemwacha amesimama."

"Amesimama wapi?"

Leontina akatoka mlangoni. Alishuka mapokezi.

"Binti yangu, kile kitanda cha chumbani kwetu mnaweza kuniuzia?"

Ilinca alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akaona uso. "Aa, mama, mwenye hoteli atanifukuza. Ndicho kinachopendwa kuliko vyote. Kuna mwalimu mstaafu kutoka Iasi, akikosa kile anaahirisha safari. Anasema ni kitanda pekee duniani ambacho mgongo haumuumi."

Leontina alianza kucheka, akashika kaunta, akacheka mpaka Ilinca akamletea maji. Mgongo haumuumi! Ndoto ya Marcela ilikuwa imepata mtu wake, na mtu huyo si mama. Kitanda kile kilinunuliwa kwa haki na kulipiwa kwa haki. Hakikuwa chake kutoa, na kisicho chako ukikitoa sadaka hakimfikii mtu.

Alikaa kwenye kochi la mapokezi, akapiga simu Braila.

"Shangazi Zamfira? Ni Leontina wa Ecaterina. Samahani kwa swali la kipuuzi. Wewe unalala wapi?"

"Kwenye benchi la jikoni, mwanangu, karibu na jiko. Kwa nini, unataka kuja?"

"Na Marcela hakuwahi kukuletea kitanda?"

"Kitanda gani?"

"Basi kinakuja," alisema Leontina.

Aliporudi chumbani, Marcela alikuwa ameshaosha uso na kumpangia kuku kwenye sahani, mapaja yote upande wa dada. Leontina hakugusa.

"Kesho ukifika nyumbani utatafuta gari na wanaume wawili. Utakwenda kwangu. Utachukua kitanda changu umpelekee Zamfira, na mto, na shuka, na mshumaa."

"Kile kipya?" Marcela aliinuka. Kitanda kile kilikuwa maarufu katika ukoo. Leontina alikinunua kwa jasho la Italia, akakisubirisha siku atakayorudi moja kwa moja; plastiki ya dukani haijatoka, na kila akija likizo hulala kwenye kochi asikichakaze. "Dada, hata hujakilalia!"

"Ndiyo maana nakitoa kizima. Na mkifika, unanipigia, unampa simu. Neno nalisikia kwa masikio yangu. La kusimuliwa sitaki tena."

"Huniamini."

"Hapana," alisema Leontina, kwa upole kabisa, na upole ule ulimliza Marcela kuliko matusi yote aliyokuwa ameyangoja.

Usiku ule hakuna aliyethubutu kukilalia. Walitandika mablanketi sakafuni, mmoja upande huu, mmoja upande ule, na kitanda cha mama kikabaki katikati, kimetandikwa vizuri, kitupu.

Simu ilimkuta Leontina Italia, akiwa anambadilisha shuka Bibi Ornella, kikongwe wake, kamgeuza ubavu kwa mkono mmoja kama alivyozoea. Aliiweka simu begani, akaibana kwa shavu.

Kwanza alisikia wanaume wakihema na kugombana na mlango. Kisha plastiki ikichanwa, sauti ndefu, akafumba macho. Kisha kiberiti. Kisha sauti ya Zamfira, nyembamba, inayotoka kwa mtu aliyekwisha kaa juu ya kitu laini.

"Kwa roho ya Ecaterina," alisema Leontina.

"Bogdaproste, mwanangu. Na alale juu yake huko."

Leontina aliweka kichwa ukutani. Bibi Ornella akauliza kwa Kiitalia kama kuna msiba. Akamwambia hapana, sasa hapana.

Simuni kukawa na mkwaruzo, mtu kapokonya.

"Dada? Umesikia? Umesikia mwenyewe?" Marcela alikuwa analia na kucheka pamoja. "Sasa nikwambie, usiku wa kuamkia leo mama kanijia, kakaa ukingoni mwa..."

Leontina akakata simu, akachomekea shuka pembe ya mwisho.