Upande wa Kukaza

Loisi alikuwa ameinama ndani ya boneti tangu saa tatu asubuhi, tumbo limebanwa na ukingo wa bodi, jua la Makole likimchoma kisogo. Stadi moja, bolti isiyo na kichwa, ilikuwa imekatika, mojawapo ya zile zinazoshika manifoldi ya ekzosi kwenye silinda hedi, kichwa cha injini. Kisiki kilichobaki nje hakikuzidi unene wa kifungo cha shati. Juu ya kisiki hicho alikuwa amechomelea nati apate pa kushikia spana. Mara mbili alikichoma kwa gesi mpaka kikaiva wekundu, akakigusisha kipande cha nta, nta ikayeyuka na kunywewa ndani ya hesi, meno yale ya stadi. Mara mbili akangoja kipoe. Sasa alikuwa anangoja mara ya tatu.

"Mbukwa, Loisi," alisema Matonya, dereva wa gari lile. Lilikuwa gari la mradi wa visima.

"Mbukwa."

"Hivi unatengeneza gari au unatengeneza mishumaa?"

"Chuma kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinajikunja. Nta inapita hapo hapo katikati. Ukikilazimisha, kinakatikia ndani."

"Bosi wangu hana subira ya nta."

"Na chuma hakina habari na bosi wako."

Matonya alicheka, lakini kwanza alitazama getini.

Nta ilitoka Mlali, kwenye mizinga ya nyuki ya mama yake. Mafundi wengine wa gereji waliidharau mpaka wanapokwama, ndipo wanakuja kumnong'oneza awakatie kidogo. Miaka mitano alikuwa hapo. Stadi, bolti, nati zilizoshikana kwa kutu, zote zililetwa kwake. Lakini kwenye daftari la gereji, mbele ya jina lake, palikuwa pameandikwa kazi yake: usafi.

Chuo cha ufundi kilikuwa kinawapima mafundi wa mtaani, wale waliojifunzia kazini, ili kiwape cheti. Darasa la saba lilitosha. Kilichotakiwa ni barua ya mwenye gereji, yenye muhuri, inayosema huyu ni fundi. Mwisho wa kupokea barua ulikuwa kesho saa sita mchana. Na asubuhi ile Fundi Ludovick, mwenye gereji, alikuwa amesema mbele za watu, kwa mzaha, "Itoe hiyo stadi bila kuidhuru hedi, barua yako naandika leo leo."

Aligusa nati kwa mgongo wa kidole. Bado ya moto. Akangoja.

Bwana Raphael, afisa usafirishaji wa mradi, aliingia na simu mbili mkononi.

"Shikamoo," alisema Loisi.

"Marahaba." Hakumtazama. "Ludovick, bado tu? Si ulisema hedi imekufa?"

Ludovick alijifuta mikono ambayo haikuwa na grisi. "Haijafa kabisa, mkuu. Binti anajaribu jaribu."

"Anajaribu nini? Karatasi ya malipo ya hedi mpya imesainiwa tangu Ijumaa. Ripoti imeshapanda juu. Leo mimi nikaseme nini, kwamba imefufuka?"

Loisi hakuinua kichwa. Ijumaa. Gari lilikuwa limeingia gereji jana, Jumatatu, na kabla ya hapo hakuna fundi aliyekuwa amelifungua.

Akaweka spana kwenye nati. Akavuta kushoto, polepole, kwa uzito wa bega, si kwa hasira. Hakuna. Akapumua. Akavuta tena, akasikia kwenye kiganja kabla ya kusikia kwa masikio: chuma kimelia, kidogo sana, kama mlango wa nyumba ya jirani. Nati ilikuwa imesogea, na kisiki pamoja nayo.

"Imekubali," alisema. Kisha kwa sauti, "Fundi, imekubali! Inatoka!"

Hakuna aliyefurahi. Bwana Raphael alimtazama Ludovick, akaendelea kumtazama.

"Sogea," alisema Ludovick.

"Niachie mimi, Fundi. Imebaki kidogo."

"Nimesema sogea. Gari la watu hili."

Alichomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, akaegemea kwa mwili mzima. Kulia. Loisi aliona mkono unakwenda wapi, akadhani macho yake yamechoka. Kushoto kunalegeza, kulia kunakaza. Ludovick mwenyewe ndiye aliyemfundisha, wiki ya kwanza kabisa, kwa kumpiga spana kwenye vidole kila alipokosea.

"Fundi, huko unakaza!"

Ta! Nati ikaruka na kisiki chake. Kilichobaki kilikuwa ndani ya hedi, usawa na uso wake.

"Bado inatoboleka," Loisi alisema haraka. "Ngoja niweke alama katikati, tuanze na ncha ndogo..."

"Nipe drili."

Hakuweka alama. Hakuipima. Aliiingiza drili kimshazari, kama mtu anayetoboa ukuta wa udongo atundike koti, akasukuma mpaka maji ya kijani ya rejeta yakaanza kuchuruzika juu ya injini. Hapo akazima.

"Sasa unaona?" alisema Bwana Raphael. Kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa mtulivu.

Ofisi ya gereji ilikuwa kontena lenye dirisha moja. Ludovick aliandika, akagonga muhuri, kisha akamwita Loisi.

"Soma, uweke saini."

Alisoma akifuatisha maneno kwa kidole. Kwamba alikabidhiwa kazi ya kutoa stadi. Kwamba alitumia nguvu kupita kiasi, akatoboa hedi, na hedi hiyo haifai tena. Chini kabisa, chini ya mstari wa saini, kulikuwa na jina lake: Fundi Loisi Yoramu. Alilirudia neno lile la kwanza.

"Mimi ni wa usafi," alisema. "Daftari linasema hivyo."

"Daftari ni mambo ya ndani. Huku nje wewe ni fundi. Si ndicho unacholilia kila siku?"

"Dada, hakuna atakayekukamata," alisema Bwana Raphael. "Ni karatasi ya kukaa kwenye faili tu."

Loisi aligeuka. Matonya alikuwa amesimama mlangoni. "Ulikuwepo, Matonya. Umeona alivyozungusha."

Matonya alitazama viatu vyake. "Mimi ni dereva, Loisi."

"Usiposaini, kesho usije," alisema Ludovick.

"Na ile barua ya chuo?"

"Barua? Utoboe hedi ya watu halafu nikuandikie barua?"

Ludovick na Bwana Raphael walicheka. Loisi alichukua kalamu. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kama alivyoitazama stadi.

"Naomba nakala," alisema.

"Nakala ya nini?"

"Ya hii. Imeandikwa fundi. Ina muhuri na tarehe ya leo. Nitaipeleka chuoni hivi hivi ilivyo."

Kicheko kilikatika. Ludovick alimtazama Bwana Raphael, kisha akaweka kiganja juu ya karatasi, pale chini, juu ya muhuri uliogongwa kwenye neno Fundi, ambao ulikuwa haujakauka.

"Saini kwanza," alisema, huku akisogeza kiganja taratibu, kushoto na kulia.

Alipokiinua, wino ulikuwa umesambaa. Jina la Loisi lilisomeka vizuri. Mbele yake, palipokuwa na neno Fundi, lilikuwepo doa la bluu, na juu ya doa mstari wa saini ulikuwa unangoja.