Bendera Mezani Kwangu

Mwanangu aliileta bendera Jumatatu asubuhi, kaiviringisha kwenye shuka kama mgonjwa. Ana miaka ishirini na minne, ni fundi friji, na kila siku ya mechi ni mali ya Kikosi cha Bati, wale mashabiki wanaokaa chini ya paa la mabati na kupigana na kila mtu. Shavu lake lilikuwa limevimba.

"Imechanika, mama. Wale wa Ng'ambo walivuta, na sisi tukavuta."

"Na shavu lilivutwa na nani?"

"Naomba unishonee tu. Mama Mkubwa atakuja kuichukua Alhamisi."

Nilizima cherehani. "Mama mkubwa wako angekuwa dada yangu. Mimi sina dada."

Akacheka. Mimi sikucheka. Huyo mwanamke ni msusi, ndiye anayewaanzishia nyimbo uwanjani. Mwaka jana mwanangu alivunjika mkono kwenye vurugu zao, nikaja kupata habari siku ya pili. Kwenye fomu ya hospitali, penye nafasi ya mzazi, palikuwa na sahihi ya msusi. Herufi kubwa, za madaha. Ile sahihi bado naiona nikifumba macho.

Alipoondoka niliitandaza bendera. Ilikuwa na urefu wa mita kumi na mbili, ikajaza meza na kumwagika sakafuni. Pindo lote lilikuwa limeshonwa kwa mkono, mishono mirefu kama ya gunia. Sikuhitaji kuuliza ni ya nani. Nina stashahada ya ushonaji na nashonea shule tatu sare. Mshono kama ule mwanafunzi wangu angeurudia mara nne. Pale palipochanika palikuwa mita moja tu. Mimi nilifumua zote kumi na mbili.

Nikiwa nafumua, wazo likanijia. Mashabiki hawa wana sheria moja ambayo hata mimi naijua: kikosi kikinyang'anywa bendera, kinavunjwa. Hakuna kukutana tena, hakuna nyimbo, hakuna Mama Mkubwa. Kila mtu anarudi kwao. Wangu angerudi kwangu.

Na kaka yangu ni shabiki wa Ng'ambo, mahasimu wao, tangu ujana wake.

Nilimwita Jumatano, akaja saa ya chakula cha mchana. Alipoona kilicholala mezani alisimama mlangoni kama aliyekuta nyoka.

"Dada, nani anajua hii iko hapa?"

"Wewe. Ichukue."

Aligusa pindo kwa kidole, akarudisha mkono mfukoni. "Haichukuliwi hivyo."

"Si mnaitaka?"

"Tunaitaka sana. Lakini bendera inatekwa uwanjani, watu wanaona. Nikienda na hii wataniuliza nimeipataje. Niseme nimepewa na dada yangu? Watanifukuza wao kwanza." Akaniangalia. "Huyo mama amekukosea nini?"

"Ananilelea mwanangu."

"Mwanao ana ndevu, dada."

"Ndevu zake nazijua."

Aliondoka bila kula. Mlangoni akasema, "Mimi leo sikupita hapa." Nilikaa na aibu yangu dakika kama tano, kisha nikatia uzi, maana kazi ilikuwa haijaisha.

Alhamisi msusi akaja. Nilimtarajia mrefu, kumbe ananifikia begani. Alisalimia vizuri, akainama kwenye pindo, akalifuata kwa vidole mpaka mwisho.

"Umefumua mshono wangu wote."

"Ulikuwa mbovu."

"Ulikuwa mbovu kweli," akasema. "Vidole viliniuma wiki nzima."

Nilitaka agombe. Hakugomba. Akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Mwanao fulana yake ya kikosi imechanika kwapani tangu msimu uanze. Nimemwomba mara tatu nimshonee. Hanipi. Anasema, 'Mama ataona si mkono wake.' Siku moja nimekaa na sindano nimeshika kama mjinga, na yeye anaikunja fulana anaiweka kwenye begi."

Ile fulana ilikuwa kwenye kapu langu la nguo za kushona, chini kabisa, tangu mwezi uliopita. Nilikuwa sijaigusa kwa sababu ni ya kikosi.

"Ile sahihi ya hospitali," nikasema.

"Mkono uliovunjika ndio wa kuandikia, wakasema bila mzazi kumsainia hawamfungi plasta. Yeye alikuwa analia anakutaja wewe." Akatazama sakafu. "Ningefurahi angenitaja mimi, hata mara moja."

Nilifurahi. Nilifurahi vibaya, na sikumficha, nadhani aliona.

Ilikuwa imebaki mita moja, ile iliyochanika, na kitambaa kizito kilikuwa kinavuta upande. Nikamwambia ashike ule mwisho mwingine, ainue kidogo, asivute. Akashika vizuri, kwa subira, mpaka nikamaliza.

Sindano sikumpa.