Meza Isiyopita Mlangoni

Haya nilisimuliwa na mwenyewe, binti wa marehemu dada yangu, mwaka jana nilipovunjika nyonga nikalala miezi mitatu. Alikuja kuniuguza wiki mbili. Mimi sikuwa na pa kwenda, yeye alikuwa na mengi kooni, basi akayatoa yote, mengine mara mbili mbili. Nayaandika kama alivyoyasema, ila matusi nimeyapunguza.

Watu humwita Mama Pindo. Hana mtoto wa jina hilo; ni kwa sababu pindo alilolishona yeye hulioni mpaka uonyeshwe. Cherehani alikianza miguu yake haijafika vizuri kwenye kanyagio. Na ana neno lake moja ambalo wanafunzi wake walikuwa wakilikariri kwa kejeli akigeuka: kitambaa hupimwa mara mbili, hukatwa mara moja. Fundi anayepima kwa jicho, alisema, akafue nguo za watu, asizishone.

Mumewe alipokufa, mdogo wa mumewe alimpigia simu kutoka ng'ambo. Shemeji huyu alikuwa huko miaka ishirini, uraia ameshapewa, na kwa kuwa kila mtu wa kwao aliyeshuka nchi ile alipitia sebuleni kwake, wakambandika jina la Balozi. Alimwambia kwamba hoteli na hospitali za huko zinatafuta kwa tochi mchana mafundi wa kushona sare. Kazi ipo, aje na mtaji tu. Mama Pindo akauza kiwanja alichoachiwa na marehemu, akauza vyerehani viwili kati ya vitatu, akaenda.

Alichokikuta huko ni kizungumkuti. Ofisi ya vibali ilisema mgeni hapewi kibali cha biashara mpaka awe na chumba cha biashara, na kibali kitaandikwa chumba hicho hicho, hakihami. Mwenye nyumba naye akasema kodi inaanza siku ya kukabidhiwa ufunguo. Kibali kikachukua miezi kumi na moja. Miezi kumi na moja Mama Pindo alilipia chumba ambacho hakuruhusiwa kushona hata kifungo ndani yake. Kila Jumamosi alikwenda kukifagia, akitoa vumbi la mtu asiyekuwepo. Katikati hapo alikuja mtu wa zimamoto kutazama mlango unafungukia upande gani, akatoza. Mfasiri akafasiri cheti chake cha ufundi, akatoza. Mwingine akagonga mhuri kuthibitisha kwamba yule mfasiri ni mfasiri kweli, naye akatoza. Kibao cha dukani kilitozwa kwa ukubwa wake, basi Mama Pindo akachonga kibao kama daftari la shule, akakitundika. Baadaye wateja walikuwa wakisimama mbele ya mlango wanampigia simu kumuuliza duka liko wapi.

Hayo yote aliyameza. Lililomkwama ni jingine, nalo lilianzia kwenye mkataba wa chumba.

Mkataba uliletwa sebuleni kwa Balozi, kurasa nne, kwa lugha ya kule. Lugha hiyo Mama Pindo alikuja kuisema vizuri, ila kuisoma ilimshinda mpaka mwisho, na siku ile hata salamu alikuwa hajui. Balozi alivaa miwani akamsomea kwa Kiswahili, kidole kikitembea juu ya mstari. Kodi kiasi hiki, inalipwa tarehe hii, kelele mwisho saa hii. Mwenye nyumba, mzee nadhifu wa viatu vinavyong'aa, alikaa akitikisa kichwa kama anayesikiliza muziki. Pale ofisi ya vibali palikuwa na dirisha la kusomewa karatasi, na ada yake ilikuwa ndogo kuliko zote. Mama Pindo aliliona dirisha lile mara tatu akalipita. Katika gharama zote za nchi ile, hiyo ndiyo pekee ambayo hakuilipa.

Hakulipa kwa sababu ya jambo la ukweni. Babu wa mumewe hakujua kusoma. Siku moja mwanawe wa kwanza alimsomea barua, na mzee, kwa wasiwasi tu, akaipeleka kwa jirani asomewe tena. Mwana alipopata habari alifunga mzigo wake, na hakurudi, hata mazikoni. Tangu hapo katika ukoo ule ndugu akikusomea, umesomewa. Kuipeleka karatasi nje ni kumwambia mwenzio kuwa ni mwizi. Mama Pindo alifundishwa hivyo wiki ya kwanza ya ndoa, kama alivyofundishwa pa kukaa na pa kutokaa. Basi akatia sahihi. Yeye wa kupima mara mbili.

Katika miezi ile ya kungoja alimwita seremala amtengenezee meza ya kukatia, humo humo chumbani. Meza haikuwa ya mchezo: mbao nene, futi kumi na nne, ya kutandika jora na kukata sare ishirini kwa mkupuo mmoja. Ilijengwa ndani kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba na wenye kona. Pembeni mwake alipigilia misumari midogo kila baada ya futi moja, ili asihitaji kushika tepu. Meza hiyo ilimla nusu ya fedha za kiwanja.

Kibali kilipotoka alifungua, na kazi ikamwagika. Hoteli mbili, zahanati, shule ya wauguzi. Akamwajiri mjane mmoja mwenyeji, mzee wa miaka sabini, wa kutia vifungo. Mama Pindo alimwita Bibi Vifungo, mbele yake na nyuma yake, na mwenyewe alilipenda jina. Bibi huyu aliyasema mambo bila kuyapamba. Mteja mnene akijibana tumbo apimwe, humwambia apumue, nguo haidanganyiki.

Miaka miwili ya mkataba ikatimia hivyo. Siku ya kwanza ya mwaka wa tatu mwenye nyumba akaingia na viatu vyake, akaipapasa meza kama mtu anayepapasa ng'ombe, akasema kodi sasa ni mara mbili. Mama Pindo alidhani hakusikia vizuri. Alisikia vizuri. Akakimbilia kwa Balozi, ambaye alikuwa akikaa juu, ghorofa ya tatu ya nyumba hiyo hiyo, na Balozi akamwambia avumilie, mgeni ni mgeni, mwenye nyumba akikohoa mpangaji huitika. Akarudi kwa mwenye nyumba kubembeleza. Alipoona kubembeleza hakufai akasema basi atahama na vitu vyake.

"Utahamia wapi?" mzee akamuuliza kwa upole. "Kibali chako ni cha chumba hiki. Utangoja mwingine mwaka mzima. Na meza ni yangu. Mwulize shemeji yako, si alikusomea?"

Mama Pindo aliniambia kwamba hapo masikio yalimziba, kama mtu aliyezamishwa majini. Aliufunga mlango, akautoa mkataba chini ya sanduku la nyuzi, akauweka mbele ya Bibi Vifungo. Aliuweka kifudifudi kwanza. Mkono ulikuwa mzito, anasema, kama anavua nguo hadharani. Kisha akaugeuza.

Bibi alisoma polepole. Ukurasa wa kwanza na wa pili ulikuwa kama Balozi alivyosoma. Wa tatu ulisema mwenye nyumba ana haki ya kuiongeza kodi kwa kadiri apendavyo ikitimia miaka miwili. Ulisema kila kitu kisichoweza kupita mlangoni ni mali ya nyumba. Na chini kabisa ulisema kwamba Balozi, kwa kazi ya kumleta mpangaji, atakaa ghorofa ya tatu bila kodi muda wote mpangaji atakapokuwepo.

"Nani alikusomea hii?" Bibi akauliza.

"Shemeji yangu. Mdogo wa marehemu."

"Alikuwa amevaa miwani?"

"Alivaa."

"Basi aliona," Bibi akasema, akarudia vifungo vyake.

Mama Pindo akapanda ngazi. Balozi alikuwa sebuleni akikata kucha, kidole kwa kidole, juu ya gazeti.

"Shemeji," akamwambia, "ukurasa wa tatu uliuruka."

"Kurasa zilikuwa nyingi."

"Zilikuwa nne."

Balozi akaweka mkasi chini. Akaanza kueleza kwamba alimpunguzia mawazo tu. Angeogopa, asingetia sahihi, na kama asingetia sahihi, leo asingekuwa fundi wa hoteli mbili. Mama Pindo akamwambia naye angekuwa analipa kodi. Hapo Balozi akavimba. Miaka ishirini, akasema, amepokea watu humu, wamelala, wamekula, wamemaliza sabuni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza yeye analipa nini. Kila aliyekuja huku alilipa. Yeye alipofika alilala miezi sita kwenye bohari ya magunia, na aliyemlaza humo alikuwa mtu wa kwao, tena alimtoza.

"Ungenitoza na mimi," Mama Pindo akasema. "Ungesema, shemeji, sebule hii ina bei yake. Ningekulipa, na ningekuheshimu. Lakini wewe umeniuza huku nawaambia wanangu kwenye simu, msalimieni baba mdogo, bila yeye tungekuwa wapi."

"Punguza sauti, majirani wanasikia."

Sauti yake ilikuwa ya chini. Aliniapia hivyo, na namwamini, kwa sababu mama yake naye akikasirika sana ulilazimika kumsogelea ndipo umsikie.

Balozi akatafuta la kuumiza. Akasema mafundi hawajaisha duniani. Kuna mmoja wa kwao ameshauza shamba, anafika mwezi ujao. "Chumba kipo," akasema. "Na meza ataikuta."

Mama Pindo akashuka ngazi.

Jumapili asubuhi alikuja chumbani na msumeno wa marehemu mume wa Bibi Vifungo, ulioshika kutu mgongoni lakini meno yake mazima. Cherehani na majora alishayatoa siku iliyotangulia. Akapima upana wa mlango kwa tepu. Akaupima tena. Akachora mezani kwa chaki, mistari sita, mahali pa vipande saba. Kisha Bibi akakalia upande mmoja ili mbao zisitetereke, na Mama Pindo akaanza kukata meza yake mwenyewe.

Ilikuwa mbao ngumu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemchagulia seremala ile ngumu. Alikata akilia, na usidhani ni huzuni, alikuwa analia kwa hasira, ile inayotoka puani. Alikuwa akimkata Balozi na miwani yake, na mtu wa zimamoto, na mhuri, na zile Jumamosi za kufagia vumbi. Kipande cha kwanza kilipoanguka alikibeba mwenyewe mpaka barabarani.

Mwenye nyumba alikuja kwenye kipande cha tatu. Akasimama mlangoni akasema meza ile ni mali ya nyumba.

"Mkataba wako unasema kisichopita mlangoni," Mama Pindo akamwambia kwa lugha yake mwenyewe. "Sogea pembeni, mzee wangu, uone kinachopita."

Mzee akaangalia mbao, akaangalia mlango. Akatoa karatasi yake mfukoni akaisoma, midomo ikitembea. Kisha akasogea, kwa sababu vinginevyo ubao ungempitia kwenye viatu.

Balozi naye alishuka na ndala, shati halijafungwa. Majirani walikuwa wameshatoka. Akasema kwa Kiswahili kwamba anamwaibisha, mambo ya ukoo hayatolewi barabarani. Bibi Vifungo, ambaye hakuelewa neno, alimtazama kuanzia ndala mpaka juu, akamuuliza Mama Pindo, "Huyu ndiye mwenye miwani?" Mama Pindo akaitikia kwa kichwa. Bibi akarudi kukalia mbao. Kwenye kipande cha saba Balozi alinyoosha mikono kama anayetaka kusaidia kubeba. Mama Pindo alimpita na ubao wake, na mikono ile ikabaki imenyooka hewani, haina cha kushika.

Mlango akauacha wazi, ufunguo kitasani. Kibao chake kidogo alikibandua akakitia kwenye mkoba.

Jioni iliyotangulia alikuwa ameshampigia simu yule fundi aliyeuza shamba, namba aliipata kwa watu wa kwao. Alimwambia jambo moja tu: ukurasa wa tatu, asomewe na mtu asiyekuwa ndugu.

Vipande saba viliingia sebuleni kwa Bibi Vifungo, mitaa miwili kutoka pale. Bibi alisema kibali kipya kitoke kwa jina lake, yeye ni mwenyeji, atakipata kwa wiki tatu tu na kazi itaendelea, lakini kila kitu kiandikwe. Akakaa pale pale akaandika ukurasa mmoja: mashine za nani, wateja wa nani, sebule bei gani kwa mwezi. Hakuweka bei ya chini. Bibi hakuwa mtu wa sadaka, na Mama Pindo anasema siku ile bei iliyotajwa wazi ilimpendeza kuliko fadhila.

Bibi akausoma kwa sauti. Mama Pindo akasikiliza, jasho likimkauka shingoni. Akaikumbuka barua ya babu wa mumewe, na mwana aliyeondoka.

"Soma tena," akasema.

Bibi hakufunga mzigo wake. Akasukuma miwani juu akaanza upya kutoka mstari wa kwanza, na alipomaliza akasema kesho waupeleke kwenye lile dirisha la ofisi ya vibali wasomewe mara ya tatu, ada ni ndogo. Kisha kichwa chake kikaegemea kiti, na baada ya muda mdomo ukawa wazi, akakoroma.

Ilikuwa alasiri, jua bado lipo dirishani. Mama Pindo akalaza vipande viwili vya meza sakafuni, kimoja kando ya kingine, misumari ya kupimia ikiwa upande wa nje. Hasira ilikuwa bado ipo, na kwa alivyonisimulia, ipo mpaka leo. Alijinyoosha juu ya mbao hizo na viatu miguuni, unga wa mbao kwenye nywele, akaanza kufikiria mahali pa kuanzia kuunga, na kabla hajafika kipande cha tatu akawa amelala.