Vidonge vya Fundi Miwani

Watu wengi wa mji ule waliiona dunia vizuri kwa mara ya kwanza wakiwa wanatazama kidevu cha mwanamke mmoja. Mwenyewe hakupenda, lakini ndiyo kazi aliyoichagua. Alikuwa fundi katika duka la miwani, na lenzi zikishachongwa na kuingizwa kwenye fremu, yeye ndiye aliyekaa goti kwa goti na mteja, akamvisha, akakunja ncha za fremu nyuma ya masikio, kisha akasema, "Haya, tazama hapa, kwenye pua yangu." Mteja lazima aitazame pua ya fundi, ndipo fundi ajue kama katikati ya lenzi pamelingana na mboni. Sasa chini ya pua kuna mdomo, chini ya mdomo kuna kidevu, na kwenye kidevu cha Fundi kulikuwa na mambo.

Alikuwa na miaka thelathini na sita na chunusi za mtoto wa sekondari. Wala si vile vipele vinavyokuja leo na kesho vimeondoka. Vilikuwa vivimbe vyekundu, vya ndani kwa ndani, vinavyouma hata ukilalia mto, vimejipanga kando ya taya mpaka shingoni, na kila hedhi ilipokaribia vilialika na ndugu zao. Wateja wengi walikuwa na adabu wakanyamaza. Lakini mtu aliyeishi kwenye ukungu miaka mingi hana breki siku anapoona. Seremala mmoja mzee alivaa miwani yake mpya, akaitazama pua kama alivyoambiwa, akashuka kidogo, akasema kwa huruma kabisa, "Pole, binti. Ni nyuki?"

Fundi alicheka naye, akamfutia lenzi, akamsindikiza mpaka mlangoni. Halafu akaenda stoo, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa mpaka macho yakakauka.

Alikuwa ameshajaribu kila kitu kinachouzwa na kila kitu kinachoshauriwa bure. Sabuni za kila rangi, krimu zilizomchuna ngozi kama kitunguu, kuacha vya mafuta, kuacha vitamu, kulala mapema. Walimwambia zitaisha akiolewa. Akaolewa. Kilichoisha ni ndoa.

Mahali pekee alipokuwa na uso msafi ni nyumbani kwa mama yake, alikorudi baada ya talaka. Mama alikuwa haoni vizuri, mbali wala karibu. Watu aliwajua kwa sauti na kwa namna wanavyoburuta miguu, na mara moja alisalimia koti lililotundikwa nyuma ya mlango, akaliuliza habari za watoto. Ukimtajia miwani, alisema yeye anaona vizuri sana, ila siku hizi watu wanaandika herufi ndogo kwa ubahili. Na jioni, Fundi alipoingia na kumpa shikamoo, Mama alimtazama kwa macho yake ya ukungu akasema, "Marahaba, mwanangu. Yaani wewe ngozi yako ni yai lililomenywa."

Hapo ndipo penye neno. Fundi huyu, ambaye angeweza kumshawishi mpita njia aliyeingia dukani kuuliza saa akatoka amepimwa macho, hakuwahi kumshawishi mama yake. Alisema tu, "Mama, siku moja twende ukapimwe," kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mgeni chakula wakati sufuria imeshaoshwa. Mama akikataa, yeye alishukuru moyoni. Alijua ni vibaya na aliona aibu, lakini katika dunia nzima alikuwa amebakiwa na mtu mmoja tu anayemwona mzuri, na hakuwa tayari kumpoteza.

Baada ya yale ya nyuki, akaenda kwa daktari wa ngozi. Alikuwa mama mnene, mcheshi, anayeongea huku akikushika kidevu kama anayechagua embe sokoni.

"Nani alikwambia ni uchafu?" daktari akauliza.

"Kila mtu."

"Kila mtu hakusomea. Sikiliza. Kila mwanamke ana homoni za kiume kidogo mwilini. Zako huenda hata hazijazidi, ila vitezi vyako vya mafuta vinazisikiliza mno, zikisema kidogo vyenyewe vinafanya sherehe. Nitakupa dawa ya kuviziba masikio. Ilianza kama dawa ya presha na ya kutoa maji mwilini, kwa hiyo utakwenda chooni mpaka uchoke. Una mpango wa kubeba mimba?"

"Mume tulishaachana, daktari. Labda itokee bahati."

"Hata ya bahati sitaki. Dawa hii na mimba havikai nyumba moja, kwa hiyo lazima ujikinge. Utakuja kupima damu na presha. Na jambo moja usilisahau, usiguse chumvi mbadala, ile wanayouziwa wagonjwa wa presha. Imejaa potasiamu, na dawa hii inazuia potasiamu isitoke mwilini. Ikizidi, moyo unapiga ovyo. Umenielewa?"

Fundi akasema ameelewa. Akauliza lini zitaondoka.

"Mwezi wa kwanza utanitukana," daktari akasema. "Mwezi wa tatu tutaanza kuelewana."

Nyumbani hakusema kitu. Angesemaje anatibu chunusi kwa mtu anayemwita yai? Boksi la dawa akaliweka kwenye kishubaka cha bafuni, nyuma ya dawa za meno, akaamini limejificha. Alisahau kwamba katika nyumba ile alikuwemo pia Mama Mdogo, mdogo wake Mama, nesi mstaafu. Alikuwa amestaafu kazi, kuuguza alikuwa hajastaafu. Siku aliyokwenda kutafuta dawa ya meno alilikuta boksi, akasoma jina, akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Dawa ile aliijua. Alikuwa ameigawa wodini miaka nenda rudi, kwa watu waliovimba miguu na watu ambao presha yao ilikataa kushuka.

Akaenda kumnong'oneza dada yake. Baba yake Fundi alikuwa ameondoka kwa presha, asubuhi moja akifunga kamba za viatu, bila kumwambia mtu kwamba kichwa kilikuwa kinamgonga tangu juzi.

"Anatuficha," Mama akasema. "Kama baba yake."

"Tusimshtue," akasema Mama Mdogo. "Mgonjwa wa presha hashtuliwi."

Basi Fundi akaanza kuishi maisha ya ajabu. Akinyanyua ndoo, anapokonywa. Akicheka kwa sauti, anaambiwa apumue kwanza. Redio ikawa inafungwa wakati wa taarifa ya habari, eti betri zinaisha, na redio yenyewe ilikuwa ya umeme. Mchuzi ukapoteza ladha. Alipouliza, Mama Mdogo alisema ulimi wake umechoka na kazi. Kila alipoinuka kwenda chooni, na aliinuka sana, wazee wale wawili walitazamana, mmoja akiwa haoni anachokitazama.

Jambo lililomshangaza zaidi ni mashine ya presha. Mama Mdogo alisema ameinunua na anataka kuijaribu, akaijaribu kwenye mkono wa Fundi asubuhi na jioni, na kila mara namba zilikuwa nzuri, hata za chini kidogo. "Inashuka," alimwambia dada yake jikoni kwa fahari, kana kwamba ameishusha yeye. "Dawa imemkubali."

Mwezi wa kwanza Fundi alimtukana daktari kimoyomoyo kama walivyokubaliana. Wa pili vilevile. Wa tatu ulipokuwa unaishia, asubuhi moja alikuwa ananawa uso akagundua kwamba ameshafika kwenye taya na hajauma meno. Akarudia kunawa, taratibu. Vivimbe vilikuwa vimelala. Madoa yalikuwepo, na viwili vitatu vikaidi, lakini mji ulikuwa umetulia. Akajikuta anaimba, na mlango ukagongwa aambiwe asijichoshe.

Jumapili iliyofuata walikaa mezani wote watatu. Katikati ya meza palikuwa na kikopo kipya chenye kifuniko cha kijani. Fundi alikichukua, akasoma pembeni, akakirudisha mezani.

"Hii ni nini, Mama Mdogo?"

"Chumvi yako. Nilikuonea huruma na ule mchuzi wa maji. Hii ni kama chumvi, lakini inafaa kwa hali yako. Jimwagie usiogope."

"Mmeshaiweka kwenye chakula?"

"Bado. Nilitaka uifungue mwenyewe."

Fundi akakisukuma kikopo mpaka mwisho wa meza. "Hali yangu gani?"

Mama ndiye aliyepasuka. Akaupapasa mkono wa mwanawe kwenye kitambaa cha meza, akaupata, akaushika kwa nguvu. "Mwanangu, una presha na hutuambii. Baba yako alifanya hivyo hivyo. Mimi sina moyo wa kuzika mara mbili kwa ugonjwa mmoja."

Kuna watu wangedanganya hapo hapo, na Fundi naye alifikiria. Lakini mama yake alikuwa analia bila sauti, machozi yanaingia mdomoni, na pale mwisho wa meza kulikuwa na kikopo ambacho upendo wao ungemlisha kila siku mpaka moyo upige ovyo.

"Sina presha," akasema. "Dawa ni ileile, lakini mimi nimepewa ya chunusi. Na hiyo chumvi ndiyo daktari aliyonikataza. Ina potasiamu."

Mama Mdogo akafunika mdomo. Unesi wake wote ulimrudia kwa mkupuo, na ukweli ni kwamba alikuwa anajua habari ya potasiamu, ila hofu ilikuwa imemsahaulisha. Akainuka, akakitupa kikopo kwenye pipa la taka, akarudi kukaa.

"Chunusi gani?" Mama akauliza.

Mama Mdogo akamtazama Fundi.

"Nauliza, chunusi gani? Huyu ngozi yake ni yai."

"Dada," Mama Mdogo akasema polepole, "huyu ana chunusi miaka mingi. Shavu, taya, shingo. Nilidhani unajua, unamfariji tu."

Mama akamgeukia mwanawe, akakaza macho, akasogeza kichwa mbele, akakirudisha nyuma, kama mtu anayetafuta kituo redioni. Uso ulioko mbele yake haukuwa na chochote. Hapo, naona, ndipo alipokubali kwamba herufi hazikuwa ndogo.

"Mbona wewe hukunipeleka?" akauliza. "Kazi yako si ndiyo hiyo?"

"Nilikuwa nasema, Mama."

"Ulikuwa unasema. Hukunipeleka."

Fundi akatazama sahani. "Nilitaka mtu mmoja asinione," akasema.

Mama hakugomba. Alijifuta uso kwa upande wa kanga, akaomba apewe chumvi ya kawaida, nyingi, maana mchuzi ule ulikuwa umemtesa yeye zaidi, akasema kesho anakwenda dukani.

Akapimwa. Lenzi zikachongwa, nene kwa katikati, na Fundi mwenyewe ndiye aliyezichonga, akazirudia kusafisha mara nyingi kuliko zilivyohitaji. Siku ya kuvisha, Mama alikuja amevaa nguo za kwendea harusini. Kwenye benchi walikuwa wanasubiri wateja wengine, na Mama Mdogo katikati yao akiwaeleza faida za kupima presha. Fundi akavuta kiti, akakaa goti kwa goti na mama yake. Hakuwa amepaka kitu usoni. Mikono iliyovisha nusu ya mji ikamvisha na mama yake.

"Tazama kwenye pua yangu, Mama."

Mama hakutazama pua. Macho yake, makubwa ghafla nyuma ya lenzi, yalianzia juu, kwenye nywele.

"Una mvi," akasema.

"Chache."

"Na hapa kwenye nyusi umekuwa mama yangu mzazi. Ndiye huyu kabisa." Akainua kidole, akakipitisha hewani bila kumgusa. "Una mikunjo ya kucheka. Imeingia lini?"

"Taratibu, Mama."

"Mimi nilikuwa naongea na msichana," Mama akasema. "Miaka yote hii, nikisikia sauti yako, nilikuwa naona msichana. Kumbe aliondoka, na mimi sikumuaga."

Fundi alitaka kurekebisha fremu, akawa haoni pa kuishika. Mama akamsukuma mkono pembeni. Macho yakashuka mpaka kwenye taya, yakatafuta upande huu, yakatafuta upande ule, na mwisho yakapata kimoja cha vile vikaidi. Akakigusa kwa ncha ya kidole.

"Hiki?"

"Ndicho hicho. Vingine vimepona."

"Kwa ajili ya hiki, ulininyima sura yako?"

Machozi yalimtoka Fundi pale pale, mbele ya wateja, na hakukimbilia stoo. Mama alimtazama anavyolia, kwa makini, maana hilo nalo alikuwa hajaliona muda mrefu. Kisha akachungulia kioo cha ukutani, akashtuka, akauliza yule bibi kizee aliyevaa nguo yake ni nani, na benchi zima likacheka, Fundi akiwa wa kwanza.

"Tumalize, Mama, watu wanasubiri," akasema, akijifuta, akianza kuinuka.

"Wasubiri," Mama akasema, akamshika goti. "Kaa hapo hapo, geukia kwenye mwanga. Sijamaliza kukutazama."

Fundi akakaa, akageukia kwenye mwanga.