Jemadari Kageha na Lango la Chumvi

Jemadari mpya wa Zamburi aliingia hotelini Jumapili saa nane kasoro dakika kumi, akagonga meza, akasema leo ni leo. Zamburi ni ufalme wa mchezo wa kwenye simu, una majoka na kuta za shaba. Jeshi lake ni watu kumi na wawili wa hapa Eldoret na kandokando yake, na jemadari ni Kageha, karani wa duka la mbolea na mbegu. Wiki iliyopita walipiga kura wakamvua ujemadari Mzee Gerishon, mkulima wa viazi wa Timboroa, baada ya Kageha kusimama na kusema miaka mitatu ya kujikinga imetosha, jemadari mwoga hana faida.

Kageha alitaka kuiteka Ngome ya Chumvi ya adui, kisha mto, kisha kiti cha enzi chenyewe. Maishani hakuwa amewahi kuongoza kitu, hata kwaya. Walinzi wa ngome hiyo hulala mara moja tu kwa mwezi, na mara hiyo ilikuwa leo, saa nane hadi saa tisa, na lango halivunjiki mpaka askari wote kumi na wawili wabonyeze pamoja.

"Toeni simu," akasema.

"Madam Jemadari, tuanze na maombi," akasema Irungu, katibu. Sasa jeshi gani lina katibu? Hili linaye, na makamu wake pia.

Edinah akaomba. Aliwaombea wasafiri, wagonjwa, viongozi wa taifa, akaombea mvua, akawarudia wagonjwa. Saa nane na robo. Ukaja utambulisho, watu wanaojuana tangu zamani! Zikaja kumbukumbu za mkutano uliopita, na Shitanda akasimama kulalamika kwamba jina lake limeandikwa vibaya.

"Jameni, lango!" Kageha akalia. "Ngoja ngoja huumiza matumbo!"

"Haraka haraka haina baraka," Irungu akamjibu, macho kwenye daftari. "Tuko ajenda ya tatu. Vita ni ya sita."

Ya sita!  Kageha alitamani kuwashika mmoja mmoja awabonyezee vidole kwenye hizo simu. Saa tisa kasorobo chai ikaletwa, na ni nani atapigana na mandazi moto mbele yake? Ndipo hoja ikatolewa, ikaungwa mkono, ikajadiliwa, Shitanda akaifanyia marekebisho. Mikono yote ikainuka.

"Imepita bila kupingwa," Irungu akatangaza kwa furaha. "Tuvamie!"

Walibonyeza pamoja, vizuri ajabu. Ilikuwa saa tisa na dakika nne. Walinzi walikuwa wameshaamka, na jeshi lote la Zamburi likafa pale langoni.

Kageha aliisukuma simu mbali, machozi ya hasira yakimlengalenga. Wenzake walishaanza kubishania tarehe ya mkutano ujao. Mzee Gerishon akavuta kiti karibu naye.

"Haki, Mzee, hawa ni watu wa aina gani?"

"Mimi nilitangaza vita mara tisa," akasema polepole. "Mara tisa, Kageha. Sikuwa mwoga."

"Na mbona hukusema siku ya kura?"

"Ningesema nini? Ile mara ya mwisho tulikuwa tumeshika simu tayari. Ni wewe uliinua mkono ukasema tuahirishe, uko na harusi Cheptiret."

Kageha akajimiminia chai. Harusi hiyo aliikumbuka vizuri sana. Hata keki alikula mara mbili.